Karani wa Foleni

Kwenye duka lile la kunyoa hakuna aliyekuwa akiuliza nani yuko mbele ya nani. Uliingia, ukasalimia, ukaenda moja kwa moja kwenye kopo la alizeti lililokaa juu ya kabati la vioo, ukachota kidogo, ukampa kasuku. Akishapokea, umo kwenye foleni. Usipomlisha, hata ukae kwenye benchi mpaka miguu ife ganzi, bado huna nafasi, na atakayekuja nyuma yako akamlisha atakupita huku unamwangalia. Wageni walioona huo ni mchezo wa watoto walitoka pale na nywele zao kichwani.

Kasuku mwenyewe alikuwa wa kijivu, mkia mwekundu, na wateja walimwita Karani. Kila mara kinyozi alipozima mashine na kumkung'uta mtu nywele shingoni, Karani alijitikisa akapaza sauti: "Anayefuata!" Ilikuwa sauti ya kinyozi mtupu, ila yenye dharau zaidi. Watu waliapa kwamba ndege yule anajua nani kamlisha na nani anajipenyeza. Kinyozi alijua fika kwamba hajui lolote, anafuata tu mlio wa mashine unapokatika. Lakini alinyamaza. Ni mwenye duka gani mwenye akili timamu atakayevunja utaratibu unaomwepusha na ugomvi kila Jumamosi?

Alimpata Karani zamani, alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kazi, kwa mteja aliyekuwa anahama na hakutaka kusafiri na tundu. Tangu hapo watoto wake walizaliwa, wakasoma, wakaondoka, kila mmoja na upande wake. Nyumbani alibaki yeye na mkewe, mshonaji wa sare za shule. Dukani alibaki yeye na Karani. Ukimwondoa mkewe, hakuna kiumbe aliyekuwa amemvumilia kinyozi kwa muda mrefu kama yule ndege, na kumvumilia kinyozi hakukuwa kazi ndogo.

Basi asubuhi moja kinyozi alifungua duka, akavuta kitambaa kilichofunika tundu, akamkuta Karani chini, kwenye takataka zake, mabawa yamelegea, anahema kwa mdomo wazi. Alipomnyanyua alishangaa uzito wake. Alikuwa amezoea kumwona mnono akadhani ni afya. Alimviringisha kwenye shuka safi ya kunyolea, akafunga duka mbele ya macho ya wateja wawili waliokuwa wanakuja, akaenda kwa daktari wa wanyama akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Daktari alikuwa binti mdogo, mikono myepesi, maneno machache. Alimpapasa Karani kifuani, akamtazama mdomo uliorefuka na kupinda, akapuliza manyoya ya tumbo ili aone ngozi.

"Anakula nini huyu?"

"Alizeti."

"Na nini kingine?"

Kinyozi akafikiri. "Alizeti nyingine. Na karanga, mteja akiwa nazo."

"Mboga?"

"Daktari, huyu ni ndege wa dukani. Mboga atazitoa wapi?"

Binti akamrudisha Karani kwenye shuka taratibu. Akaeleza kwamba alizeti ni mafuta matupu, kwamba ini la Karani limejaa mafuta, na kwamba ndege aliyelishwa mbegu tu ni sawa na mtu anayeshindia chipsi asubuhi, mchana na jioni. Zaidi ya nusu ya chakula chake iwe punje za kiwandani, zile kavu zilizochanganywa kila kitu anachohitaji. Zinazofuata ni mboga mbichi: karoti, boga, majani ya kijani, na tunda kidogo. Mbegu ziwe zawadi tu, chache, za kuhesabika kwenye vidole. Parachichi asiguse kabisa, ni sumu kwake. Chokoleti, kahawa, vitu vya chumvi, hapana.

"Na usimbadilishie ghafla, mzee wangu. Hajui kama hizo punje ni chakula, atazigomea, na akishinda na njaa anaweza kufa kabla ini halijamuua. Umpunguzie mbegu kidogokidogo. Na ule mbele yake. Hawa ni ndege wa kundi, anakula anachoona wenzake wanakula."

"Na nisipofanya hivyo?"

"Basi usitegemee kuwa naye mwakani."

Kinyozi alitikisa kichwa. Maneno ya namna hiyo hakuwa akiyasikia mara ya kwanza. Daktari wa watu alishamwambia yanayofanana nayo juu ya mwili wake mwenyewe, mambo ya presha na mafuta na miguu inayovimba jioni. Aliyasikiliza kwa adabu zote, akashukuru, kisha njiani akapitia nyama ya kukaanga.

Jioni ile alimhadithia mkewe huku anakula. Alihadithia kwa hasira, kijiko kinapaa hewani, na kila alipofika kwenye neno "mboga" alizisukuma za kwake pembeni mwa sahani.

"Kula na wewe basi, baba watoto," mkewe alisema. "Japo kijiko kimoja."

"Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Mama, nina mgonjwa dukani, wewe unaniletea habari za mchicha!"

Mkewe aliichukua ile sahani ya bati akaipeleka jikoni, na kinyozi akawasha televisheni, akaongeza sauti.

Kesho yake alianza kazi ya kumwokoa Karani kwa moyo wote, na ndipo balaa lilipoanza. Punje za kiwandani zilikuwa ndogo, ngumu, rangi ya udongo. Wateja waliziita kokoto siku hiyohiyo. Kinyozi alichanganya kokoto na alizeti kwenye kibakuli kimoja, kokoto kidogo, alizeti nyingi, kama alivyoambiwa. Karani alichungulia. Kisha akaanza kutoa kokoto moja moja kwa ncha ya mdomo, bila haraka, na kuzidondosha sakafuni. Zote. Alipomaliza akala alizeti, akapangusa mdomo kwenye kijiti, akasema, "Anayefuata!"

Kinyozi akafagia. Akaweka nyingine. Karani akazitupa. Kufikia mchana sakafu ilikuwa na kokoto nyingi kuliko nywele, na mteja mmoja mzito aliteleza akashikilia kioo.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa foleni. Kinyozi alifungia kopo la alizeti kwenye droo ya nyembe na kutangaza kwamba kuanzia sasa, anayetaka nafasi aje na kipande cha mboga. Watu walicheka. Walipoona hacheki, wakanung'unika, lakini kesho yake walikuja na karoti, na vipande vya boga, na majani yaliyonyauka mifukoni. Karani alipokea kila kitu kwa adabu, akakitazama kwa jicho moja, akakitazama kwa jicho la pili, akakitupa.

Hapo Mwalimu akasimama. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mteja wa miaka, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani.

"Naomba tuelewane," alisema. "Mtu huingia kwenye foleni ndege akipokea, au akimeza?"

"Akipokea," alisema mmoja aliyekuwa ametupiwa karoti yake sasa hivi.

"Haiwezekani. Zamani alikuwa akipokea anameza. Kupokea na kutema ni kukataa. Wewe umekataliwa."

"Nimekataliwa na nani? Na kasuku?"

"Ndiyo utaratibu wa hapa!"

Benchi likagawanyika pande mbili. Dereva, ambaye aliegesha lori lake nje kila Jumamosi ili anyolewe kabla ya safari, alidai kwamba kama ni kumeza basi hakuna atakayenyolewa leo, maana Karani hajameza kitu cha mtu yeyote tangu asubuhi. Mwalimu akajibu kwamba hiyo ndiyo sheria, hata kama inauma. Aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akageuka kuchangia hoja, na kinyozi akalikosa sikio lake kwa unywele.

"Nyamazeni!" kinyozi alifoka. "Nyamazeni nyote! Mmekuja kunyoa au kutunga katiba?"

Mashine ilizimika mkononi mwake. "Anayefuata!" akasema Karani, na watu watano wakainuka kwa pamoja.

Alijaribu kila njia. Alikwaruza karoti mpaka ikawa kama unga. Alining'iniza majani kwenye tundu kwa kamba. Alisaga kokoto na kuzipaka kwenye alizeti. Karani alimenya alizeti, akala kiini, akamwachia maganda yenye unga wake. Alimbembeleza, akamtukana, akamwomba msamaha, akamtukana tena. Halafu akakumbuka maneno ya daktari kuhusu kula mbele yake, na kwa kuwa mboga mbichi hakuzipenda yeye mwenyewe tangu utotoni, aliamua kula kokoto.

Alikula asubuhi, kabla wateja hawajaja, amesimama mbele ya tundu. Zilikuwa na ladha ya boksi. Alitafuna, akakunja uso, akasema "Mmm, tamu," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Karani alimtazama muda mrefu bila kupepesa.

Bila shaka kuna mtu alimwona. Kabla ya mwisho wa wiki mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kinyozi anakula chakula cha ndege. Wengine walisema biashara imemwendea vibaya, wengine walisema ni dawa ya nguvu, na wanaume wawili watu wazima walikuja kumuuliza chemba, kwa sauti ya chini, kama zinasaidia kweli na anazipata wapi.

"Zinasaidia kumpasua mtu kichwa!" aliwajibu, akawafukuza.

Nyumbani alilalamika kila jioni. Ndege ana kiburi. Ndege hana shukrani. Unamwekea chakula cha kumponya, umekitafuta, umekiandaa, umekipanga kwenye kibakuli, anakitazama kama umemwekea uchafu, anasubiri mbegu zake! Afe basi, kama kufa ndiyo anataka!

"Inauma," alisema mkewe.

"Inauma nini! Inaudhi!"

"Inaudhi na kuuma," alisema mkewe, akatazama sahani yake, nyama imeisha na mboga ziko palepale, hazijaguswa. "Japo kijiko kimoja?"

"Kesho, mama. Leo nimechoka na habari za kula."

Kilichomtoa Karani dukani ni wema wa Dereva. Dereva alimpenda yule ndege kwa dhati, na safarini alikuwa anamfikiria. Alisikia mboga na matunda, akasahau yaliyokatazwa, ingawa kinyozi alikuwa ameyaimba mpaka mate yakamkauka. Jumamosi ile aliingia akitabasamu, mkono nyuma, akapita moja kwa moja kwenye tundu.

"Leo nimekuletea kitu laini, Karani wangu. Hiki huwezi kukitema."

Kinyozi alikuwa anamchonga mtu ndevu kwa wembe. Aliona kwenye kioo rangi ya kijani, akaona kisu kidogo cha Dereva, akaona kipande kinapita kati ya nyaya za tundu. Alitupa wembe kwenye beseni akaruka, akamkanyaga Mwalimu mguu, akamsukuma Dereva mpaka akaangukia benchi lenye watu.

"Parachichi! Parachichi! Wewe unataka kuniulia ndege?"

"Kaka, si ni tunda?"

"Ni sumu! Nimesema mara ngapi? Hili domo langu nalifungua hapa kila siku kwa ajili ya nani? Mnanisikia au mnanitazama tu?"

Mdomo wa Karani ulikuwa wa kijani. Kinyozi alimtoa nje ya tundu akimpangusa kwa kidole, na mara hiyo hakufunga hata mlango. Mteja mwenye ndevu za upande mmoja alibaki analinda duka. Dereva, machozi yakimlengalenga, aliwapeleka kwa daktari na lori zima la saruji nyuma yao.

Daktari alikaa na Karani mpaka jioni. Ndege hakuwa amemeza kile kipande, alikuwa amekionja na kukitema, kama alivyotema kila kitu. Kwa mara ya kwanza kinyozi alikishukuru kiburi chake. Lakini binti alikuwa amekasirika.

"Mtoe pale dukani, mzee wangu. Huwezi kulisha ndege mmoja kwa mikono ya mtaa mzima. Atakaa wapi?"

Karani akahamia nyumbani, kwenye meza ya kushonea ya mke wa kinyozi, kati ya vitambaa vya bluu na mlango wa jikoni.

Siku za mwanzo kinyozi aliondoka asubuhi kwa wasiwasi na kurudi jioni akitegemea kukuta msiba. Siku moja alirudi akakuta Karani ametoka tunduni, amesimama kwenye ukingo wa sahani ya mkewe. Mkewe alikuwa anakula boga la kuchemsha na majani. Karani naye alikuwa ameshika kipande cha boga kwa mguu mmoja, anakila, uso umechafuka mpaka machoni. Kwenye kisosi pembeni kulikuwa na kokoto zilizolainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Zilikuwa zimebaki chache.

Kinyozi alisimama mlangoni na begi lake.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Nakula, naye anakula."

"Mimi nimekula kokoto mbele yake mpaka taya zikaniuma! Hakuonja hata moja!"

"Ulikula umekunja uso. Nani atatamani chakula cha mtu aliyekunja uso?" Mkewe akampa Karani mbegu moja ya alizeti, moja tu, kutoka mfuko wa aproni. "Na mchana huwa nakula peke yangu. Nilifurahi kupata mwenzangu."

Kinyozi aliguna akaenda kunawa. Alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na kijiwe ndani yake, na kijiwe kile kilimfanya awe mkali mezani. Mkewe alipomsogezea mboga aliinua mkono.

"Usinigeuze kasuku."

"Kijiko kimoja, mume wangu."

"Nimesema kesho!"

Sahani ikaenda jikoni, televisheni ikawashwa. Karani alibaki kwenye meza ya kushonea, kichwa kimeinama upande mmoja, anatazama mlango wa jikoni.

Dukani, wakati huo, foleni ilikuwa imekufa. Kinyozi aligawa namba, watu wakaziuziana. Alisema kila mtu amkumbuke aliyemkuta, wote wakakumbuka kwamba walikuja wa kwanza. Mwalimu alijitolea kusimamia, akakaa siku moja, wakagombana naye wote. Kila aliyekuja aliuliza Karani anarudi lini, na Dereva aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kwa hiyo daktari alipompapasa Karani kifuani na kusema kwamba ini linarudi, macho yameng'aa, anaweza kushinda dukani siku mojamoja ikiwa hakuna atakayemlisha isipokuwa kwa ruhusa, kinyozi alichagua Jumamosi.

Ilikuwa Jumamosi ya watu. Benchi limejaa, wengine wamesimama mlangoni. Kinyozi aliweka kibakuli kimoja tu, alichokiandaa mkewe: vipande vya karoti, majani, maharage machanga. Kila mteja alichukua kipande kimoja, akampa Karani, na Karani akala. Walipiga makofi. Mwalimu alitangaza kwamba amemeza, ameona kwa macho yake, na kwamba sasa hakuna mjadala. Dereva alikuwa wa kwanza kunyolewa. Kinyozi alimnyoa taratibu, akamkung'uta shingo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akahisi duka lake limekuwa duka.

Akazima mashine. Watu wote wakamgeukia Karani.

Karani alijitikisa. Lakini hakusema "Anayefuata." Alitoa mlio mwingine, mkavu, mrefu: kijiko kinakwangua sahani ya bati. Mara moja. Mara ya pili. Kisha kishindo kidogo cha mfuniko wa ndoo ya taka. Kisha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka. Na halafu, kwa sauti ya chini, sauti ya mke wa kinyozi hasa, hata mkwaruzo wake wa kooni:

"Utaniacha na nani, wewe baba? Utaniacha na nani?"

Duka likalipuka kwa kicheko. "Kinyozi, Karani kaoa!" alisema Dereva, bado ana shuka shingoni. "Anadai matunzo!"

Kinyozi hakucheka. Aliijua ile sahani. Ndiyo aliyoisukuma kila jioni. Ambacho hakuwahi kukijua ni mlio wake ikiwa jikoni, maana kila ilipokuwa inakwanguliwa yeye alikuwa ameshaongeza sauti ya televisheni. Karani alirudia, tena kwa ufasaha zaidi, kijiko, mfuniko, pumzi, na yale maneno. Ndege haigi kitu alichokisikia mara moja. Kinyozi alijua hilo kuliko mtu yeyote pale ndani, na alisimama na mashine mkononi akihesabu jioni zake bila kutaka, akashindwa.

"Tunafunga," alisema.

"Unafunga nini?" Mwalimu aliinuka. "Mimi ndiye anayefuata! Kameza, watu wote wameona!"

"Tunafunga, Mwalimu. Njoo Jumatatu."

Walipiga kelele, wengine walimwita mwendawazimu, mmoja akaapa kuhamia duka la pili la mtaani na akakumbushwa kwamba hakuna. Kinyozi alimfungua Dereva shuka, akachukua tundu, akashusha mlango.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, sketi ya shule mapajani. Alipomwona alitoa pini haraka.

"Mbona mapema? Unaumwa?"

"Siumwi." Akaweka tundu mezani. "Nina njaa. Zile mboga za jana zipo?"

"Mboga gani?"

"Mboga, mama! Mboga! Mboga ngapi zipo humu ndani?"

Mkewe alimtazama, akamtazama Karani, akainuka. Akapasha moto, akapakua kwenye sahani ileile ya bati, akaiweka mbele yake na kubaki amesimama, mikono imefutwa kwenye aproni lakini bado anaifuta.

"Nani kakwambia nini?"

"Karani."

"Kasema nini?"

Kinyozi alichukua kijiko. "Unayoyasema jikoni."

Mkewe akageuza uso kuelekea dirishani.

"Sikujua kama anasikiliza," alisema.

"Na mimi sikuwa nasikiliza," alisema kinyozi. Akajaza kijiko na kukitia mdomoni. Alitafuna. Uso ulianza kukunjamana kama kawaida yake, akakumbuka, akaukunjua kwa nguvu.

"Hazina chumvi," alisema.

"Daktari alikataza chumvi."

"Daktari gani? Wa Karani au wangu?"

"Wote wawili."

"Wanaudhi, wote wawili. Kaa basi! Unanisimamia kama mwalimu wa zamu, nitakulaje? Kachukue sahani yako."

Mkewe akaleta sahani yake akakaa. Kinyozi akafungua mlango wa tundu, na Karani akatoka akipiga hatua zake za kizee, akapanda ukingo wa meza, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akachagua jani kwenye sahani ya kinyozi. Kinyozi akamwachia. Alikula na yeye, kijiko baada ya kijiko, akilalamika kila baada ya kimoja. Mkewe alipoinuka kutoa vyombo alikwenda na sahani zote mbili jikoni, na kinyozi, ambaye hakuwa amewasha televisheni, alitega sikio. Alisikia maji ya bomba. Hakukuwa na cha kukwangua.